Funga dirisha, kima wa Nyungwe hawana njaa

BARUA YA KAMEMBE
Na Bin Kivu

Wiki hii nilipanda kosta ya asubuhi kutoka stendi ya Kamembe, hapa Rwanda, kwenda Huye, na hasira niliyoshuka nayo huko mpaka naandika haijatulia.

Tulipita Gisakura, mashamba ya chai yakakatika ghafla kama kawaida yake, msitu wa Nyungwe ukatupokea na ukungu wake. Kwenye kona moja kabla ya Uwinka walikuwa wamekaa kima kando kabisa ya lami, wale weusi wenye ndevu nyeupe mashavuni na mgongo wa rangi ya kutu. Dereva akapunguza mwendo. Nilidhani anawapisha, kumbe anawapa abiria nafasi. Madirisha yakafunguliwa, zikaanza kurushwa ndizi, vipande vya mandazi, biskuti pamoja na karatasi zake. Simu zikatoka. Kima mmoja jike, mtoto amemng'ang'ania tumboni, akakimbilia nusu ya ndizi iliyoangukia upande wa pili wa barabara, na wakati huohuo lori la mafuta la kwenda Bukavu likawa linateremka konani. Honi, breki, kelele. Jike akapona kwa upana wa kiganja. Kosta nzima ikaangua kicheko.

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mbele kwamba tunawaua wanyama hawa. Kijana aliyekaa nyuma yangu akanijibu kwa adabu zote, "Mzee, tunawasaidia tu. Wana njaa."

Njaa gani? Msitu una zaidi ya kilomita za mraba 1,000, una matunda, majani, uyoga na wadudu, na umewalisha kima hao kabla barabara haijachongwa. Tena si kima peke yao. Nyungwe ina aina 13 za jamii ya nyani, wakiwemo sokwe na mbega wanaotembea kwa makundi ya mamia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba mandazi mpaka sisi tulipomfundisha. Mazoea yana taabu. Kima aliyeonja biskuti leo, kesho ataisubiri lamini, na malori hayana subira.

Isitoshe, akiisha kuzoea chakula cha binadamu haishii barabarani. Anaingia shambani. Shangazi yangu wa Bushekeri, anayelima jirani na msitu, hulinda mahindi yake tangu alfajiri, kopo na fimbo mkononi. Ni kweli kwamba tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zetu hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaoishi jirani nazo. Ni jambo jema, lakini haliwezi kusimama shambani alfajiri kwa niaba ya Shangazi. Abiria anarusha ndizi, anapiga picha, anaendelea zake Kigali. Anayelipa gharama ya ile ndizi ni mwanamke ambaye hata sura yake hamjui.

Kuna na maradhi. Katika hifadhi ya Mahale, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2006 sokwe walikufa kwa ugonjwa wa kifua uliohusishwa na virusi vya binadamu. Nusu ya ndizi iliyotoka mdomoni mwa mtu mwenye mafua ni sumu iliyovaa ganda.

Na msitu wenyewe ni upi? Ni huu ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Ni huu wenye daraja la kuning'inia pale Uwinka, ambapo wageni huvuka bahari ili watembee juu ya vilele vya miti. Mvua inayonyesha kwenye mgongo wake hugawanyika: huku kwetu inateremka Kivu, Ruzizi na Tanganyika mpaka Kongo, kule inaingia Rukarara na kuifuata Nili mpaka Misri. Watu wa Kamembe tunalipita jambo hilo tukisinzia, na tukiamka tunatupa karatasi za biskuti.

Msinijibu kwamba ni kima tu. Nyati wa Nyungwe waliisha, na tembo wake wa mwisho alikutwa mzoga mwaka 1999. Hakuna aliyepiga tarumbeta siku hiyo. Mnyama huisha huku watu wakisema wapo wengi.

Mikumi, Tanzania, barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na dereva anayegonga mnyama anakuta bei ya kila mnyama imeshaandikwa. Nataka hapa petu adhabu ianze mapema zaidi, kabla ya damu: dereva anayesimama ili abiria walishe kima alipe, na anayerusha alipe. Kampuni zinazojaza kosta pale stendi zitangaze jambo hili kabla gari halijaondoka, kama zinavyotangaza mikanda.

Nawe kijana uliyenijibu kwa adabu, nakuomba kwa adabu hiyohiyo. Ukiwa na ndizi ya ziada, ndani ya kosta ile alikuwemo mtoto amelia tangu Kamembe mpaka Gisakura kwa njaa ya kweli, na hakuna aliyemkatia hata kipande.