TAARIFA YA TAWI: MADENI YA VIKUNDI

Mtendaji amewapa akina mama siku 7 walipe mkopo wa halmashauri wa mwaka 2019. Miaka yote kimya, leo mgambo mlangoni! Deni halali lilipwe, hilo hatubishi. Lakini mikopo ile inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na kisheria haina riba. Sasa hiyo "nyongeza" imetoka wapi? Kama daftari lao limepotea, wasilitafute kwenye vibubu vya mama lishe.

Asitoe mtu hata shilingi mkononi. Daini barua yenye mchanganuo, na malipo yafanyike kwa kumbukumbu namba tu. Wenye stakabadhi za benki, leteni nakala ofisini kabla ya Ijumaa. Tunakwenda nazo kwa Mkurugenzi.

Mwenezi wa Tawi