Matangi Makavu Angani: Dhamana ya Rubani na Wajibu wa Sheria

Injini ya ndege ndogo inapozimika angani, wengi hudhani kwamba chuma kimechoka au kipuri kimevunjika, ilhali mara nyingi injini hiyo ni nzima kabisa na kilichokosekana ni mafuta. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 na NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2011 na 2015 usimamizi mbaya wa mafuta ulisababisha nchini humo wastani wa zaidi ya ajali 50 kila mwaka katika ndege zisizo za mashirika makubwa ya abiria, na kwamba hitilafu za vifaa zilichangia asilimia 5 tu ya ajali hizo. Ikiwa karibu kosa lote ni la binadamu, swali linalobaki ni iwapo inatosha kumtwika rubani mzigo wote, au sheria iwabane pia wanaounda, wanaomiliki na wanaokagua ndege hizo.

Wataalamu hutofautisha hali mbili. Ya kwanza ni kuishiwa mafuta, yaani matangi yote kukauka; ya pili ni injini kukosa mafuta ambayo bado yamo ndani ya ndege, ama kwa sababu rubani hakuhama kutoka tangi lililokauka, ama kwa sababu njia ya mafuta imezibwa. Katika takwimu za NTSB, hali ya kwanza ilikuwa asilimia 56 ya ajali zilizotokana na mafuta na ya pili asilimia 35.

Wanaomlaumu rubani peke yake wana hoja nzito, kwa kuwa sheria ya Marekani inamkataza kuanza safari ya kuongozwa na macho badala ya vyombo bila mafuta ya kumfikisha aendako pamoja na akiba ya dakika 30 mchana au 45 usiku. Hata hivyo, takriban nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za biashara au za mashirika ya ndege, na wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba tatizo si ujinga wa anayeanza, bali ni mazoea ya mjuzi ambaye, kwa kuwa amefika salama mara nyingi, huacha kuhesabu upya.

Mazoea hayo huwa hatari zaidi yanapokutana na ndege iliyoundwa vibaya. Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver, rubani mwenye uzoefu wa zaidi ya saa 2,700 angani, alikufa katika ghuba ya Monterey, California, akiendesha ndege ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua karibuni. Mkono wa valvu ya kuchagua tangi, ambao msanifu aliupangia mahali pa mbele ya rubani, aliyeiunda ndege hiyo aliuweka nyuma ya bega la kushoto, bila alama. NTSB ilihitimisha kwamba Denver alipoteza udhibiti wa ndege alipokuwa akijaribu kuugeuza mkono huo. Ilimlaumu kwa kutojaza mafuta kabla ya kuruka, lakini ikataja pia mahali pa valvu na vipimo visivyo na alama kuwa vilichangia ajali.

Vipimo vyenyewe vina dosari ya muda mrefu. Katika ndege nyingi za zamani kipimo huendeshwa na boya ndani ya tangi, nalo huyumba kila mafuta yanapochezacheza, hivyo marubani hufundishwa wasikiamini na wapime kwa kijiti kabla ya kuruka. Mafunzo hayo ni sahihi, ila huzaa tabia ya kukipuuza kipimo hata kinaposema kweli. Cessna 172S ina taa inayowaka mafuta katika tangi yanapopungua chini ya galoni 5, yaani takriban lita 19. Kwa hiyo teknolojia ipo, kinachokosekana ni sharti la kuifikisha katika ndege zilizotangulia.

Wapo wanaohofia kwamba kifaa cha kuonya kitamfanya rubani alegee, na kwamba gharama yake itawaelemea wenye ndege kuukuu. Hofu ya kwanza inajibiwa na kanuni kwamba taa haiondoi wajibu wa kupima kwa kijiti. Ya pili inapungua ikiwa sharti litaanza na ndege zinazobeba abiria wa kulipa, litekelezwe wakati wa matengenezo makubwa. Hitaji hili linaihusu Afrika Mashariki pia, ambako ndege ndogo hupeleka watalii kwenye viwanja vya mbugani ambavyo vingi havina mafuta. Mafuta ya kurudi hulazimika kubebwa tangu mwanzo, na kwa kuwa lita 100 za petroli ya ndege zina uzito wa kilo 72 hivi, karibu sawa na mtu mzima, kishawishi cha kuyapunguza ili kuongeza abiria hakikosekani.

Rubani abaki na dhamana yake, na mafunzo ya kukokotoa mafuta yarudiwe hata kwa wazoefu. Lakini mamlaka za usafiri wa anga zihakikishe kwamba valvu inaonekana na kufikika bila kugeuka kitini, na kwamba onyo hutolewa mapema, wakati rubani bado anaweza kuchagua uwanja wa kutua, kwani adhabu inayofuata ajali haimrudishii abiria uhai wake.