Mkalimani wa Miaka 14

Jamani, kipindi cha wiki hii kuhusu kuwatafsiria wazazi kimewagusa wengi. Benki, hospitali, barua za serikali, sote tumepitia. Kwenye maikrofoni mimi nilicheka tu. Yangu naiandika hapa.

Nilikuwa na miaka 14, mdogo wangu 8. Shule ikamwita Mama kwenye kikao cha IEP, yaani ule mpango wa masomo anaoandikiwa mtoto mwenye ulemavu hapa Marekani. Walimu na wataalamu upande mmoja, Mama upande wa pili, katikati mimi mkalimani. Mwanasaikolojia wa shule akasoma ripoti, akataja neno ambalo mimi nililijua kama tusi la watoto uwanjani. Wakati ule ndilo lilikuwa neno rasmi. Liliondolewa kwenye sheria ya elimu ya nchi mwaka 2010.

Kwa Kiswahili nilijua neno moja tu: taahira. Nalo tusi. Ningemwambiaje Mama? Nikasema, "Wanasema anachelewa kidogo kusoma." Mama akashusha pumzi, akatia saini.

Basi miaka mitatu, kila jioni, Mama alimkalisha mezani na hesabu za watoto wa umri wake. "Acha uvivu, wenzako wanaweza!" Shuleni alikuwa anajifunza kuhesabu chenji na kusoma saa, na alikuwa anaweza. Nyumbani anagombezwa. Ikafika mahali akiona daftari tu, analia. Na mimi najua kwa nini, nimekaa kimya.

Nilipomwambia Mama ukweli nilikuwa na miaka 17. Hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, nimemgombeza bure muda wote huo?"

Kumbe ile kazi haikuwa yangu. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyoanza 1975 na leo inaitwa IDEA, inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao, pamoja na kumtafutia mkalimani. Mzazi halipi. Mpango wenyewe lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na mzazi anaweza kuomba kikao kingine kabla ya hapo. Akiona mtoto wake ana shida, anaweza kuomba kwa maandishi apimwe. Na si lazima atie saini palepale, aseme, "Naomba niende nayo nyumbani nikaisome."

Kwa hiyo ukiombwa kumtafsiria shangazi au jirani kwenye kikao cha namna hii, nenda, kaa pembeni yake, mshike mkono. Lakini mkalimani alete shule. Na neno lenyewe ni ulemavu wa akili. Lijue, litamke bila kunong'ona.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Jumamosi akienda dukani na Mama, chenji anahesabu yeye.

Na wewe uliyewahi kubadilisha neno moja ili Mama asiumie, tuandikie. Hapa hakuna wa kukucheka.