MAGURUDUMU YA TUKTUK: NANI ATALIPA BERINGI?



Wenzetu wengi wa reli wamegeukia kazi ya tuktuk. Wako waliopunguzwa kazini reli ilipokodishwa kwa kampuni ya binafsi mwaka 2006, na wako wanaokaribia kustaafu sasa, ambao watumaini kununua moja kwa akiba yao. Wengine huendesha ya tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Kwa hiyo jambo la magurudumu ya tuktuk ni jambo letu pia.

Toka Ngara mpaka Kawangware twaona tuktuk zilizovuliwa magurudumu ya kiwandani na kuvishwa makubwa zaidi, au yaliyotokeza nje ya mwili wa gari. Zapendeza macho. Sisi twasema ni hasara, na hasara hiyo humwangukia dereva.

Kwanza tufahamu namba. Tuktuk nyingi za abiria hutoka kiwandani na tairi za 4.00-8. Maana yake, unene wa tairi ni inchi 4, na ringi ni ya inchi 8. Gurudumu zima, kwa hesabu ya karatasi, ni kama inchi 16 toka juu hata chini. Mtu akiweka 4.50-10 apata kama inchi 19. Inchi 3 zaonekana kidogo, lakini kila mzunguko gari lasogea karibu 19 kwa mia zaidi, na nguvu ya kuvuta yapungua karibu 16 kwa mia.

Sisi watu wa reli twaujua mlima huu. Toka stesheni ya Nairobi hata Limuru njia yapanda zaidi ya mita 500. Tuktuk yenye abiria watatu ikipanda Waiyaki Way kwenda Kangemi na Uthiru yakutana na mlima huo huo. Dereva atapanda kwa gia ya chini, klachi itaungua, na petroli itakwisha upesi. Wakati wa kuteremka, breki ni zile zile ndogo. Tena mwili wa gari umeinuka inchi 1 na nusu, na gari la magurudumu matatu ni rahisi kupinduka penye kona.

Sasa jambo la kutokeza nje. Kila ringi ina uso unaofungwa kwenye habu. Umbali toka uso huo hata katikati ya tairi ndio mafundi huuita ofseti. Ukibadili ofseti ili gurudumu litokeze, uzito wa gari hauketi tena pale kiwanda kilipokusudia. Ni kama kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyoshwa: maji hayakuongezeka, lakini bega laumia. Bega la tuktuk ni beringi na ekseli. Gurudumu la mbele ni baya zaidi, maana likihama katikati hata kidogo, usukani wavuta upande mmoja mchana kutwa.

Katika reli kosa la namna hii halifichiki. Njia yetu ya zamani ni ya mita 1. Reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni ya milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine hata hatua moja. Barabara haina ukali huo. Yakubali kosa lako leo, na yakudai baada ya miezi.

Wako wasemao kwamba magurudumu ya nyuma yakitanuliwa gari husimama imara, na kwamba tairi kubwa hupita mashimo vizuri. Ni kweli. Lakini anayetaka hayo na anunue mashine iliyotoka kiwandani hivyo, yenye ekseli, breki na gia za kulingana. Ziko, hasa za mizigo. Tena magurudumu matatu yakiwa sawa, akiba moja yatosha yote.

Basi beringi ikivunjika, nani atalipa? Tajiri ndiye aliyechagua gurudumu, naye humkata dereva. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuendesha gari ulilopewa si kosa la makusudi. Nao wanaoendesha kwa mapatano ya siku, bila ajira, wahitaji karatasi zaidi ya wote.

Kwa hiyo twapendekeza haya:

1. Kila mapatano ya kuendesha yaandike saizi ya tairi na aina ya ringi, na kwamba tajiri akibadili, matengenezo ni yake.

2. Vyama vyetu vya akiba visitoe mkopo wa tuktuk iliyobadilishwa magurudumu bila fundi kuikagua.

3. Kila dereva ainue gari mara moja kwa juma na kutikisa kila gurudumu kwa mikono. Likicheza, gari lisitoke.

4. Ringi nyingi za tuktuk ni vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Mtu asifungue bolti hizo kabla ya kutoa upepo wote. Ringi yaweza kuruka na kumwua.

Wajumbe wa matawi na walete jambo hili katika mkutano ujao. Dereva hakuchagua gurudumu, asilipishwe.