Uzazi wa mgonjwa wa saratani usipuuzwe

Mwanamke wa miaka 28 aambiwapo kwamba uvimbe ulio kwenye titi lake ni saratani, swali la kwanza limjialo ni moja tu: Je, nitapona? Jamaa zake huanza kupanga harambee, daktari huandika siku ya kuanza dawa, na kila mtu hukaza macho kwenye kuuokoa uhai. Hapana ubaya katika hilo. Ubaya umo katika swali la pili, ambalo aghalabu haliulizwi na yeyote: Je, akipona, ataweza kuzaa?

Swali hili si la anasa. Humu nchini, saratani ya matiti na ile ya mlango wa kizazi ndizo zinazowapata wanawake kwa wingi kuliko nyingine zote, na si wachache miongoni mwao ambao wangali katika umri wa kuzaa.

Yafaa ieleweke jinsi madhara yanavyotokea. Msichana huzaliwa na akiba ya mayai kati ya milioni moja na mbili, na abaleghepo husalia na takriban 300,000 au 400,000. Akiba hiyo haiongezeki kamwe, hupungua tu. Dawa za tibakemikali, hasa zile za jamii ya saiklofosfamidi, haziangamizi chembe za saratani pekee, bali huyaangamiza mayai pia. Nayo miale inayoelekezwa kwenye nyonga huharibu ovari na kuudhoofisha mji wa mimba. Ndiyo sababu mwanamke anaweza kupona akiwa na miaka 30, na hedhi yake ikakoma kama ya ajuza.

Hata hivyo, sayansi haikukaa kitako. Mayai yanaweza kutolewa na kugandishwa, ama yakiwa peke yake, ama yakiisha kurutubishwa kwa mbegu za mume. Kazi hiyo huchukua muda wa wiki mbili hivi. Mgonjwa asiyeweza kungoja, au msichana ambaye hajabaleghe, anaweza kutolewa kipande cha ovari kikagandishwa, kisha akarudishiwa baadaye. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hiyo alitangazwa nchini Ubelgiji mwaka 2004. Anayekwenda kupigwa miale anaweza kupasuliwa na ovari zake zikasogezwa kando. Saratani ya mlango wa kizazi nayo ikigunduliwa mapema, yawezekana kuondoa mlango huo na kuuacha mji wa mimba. Ipo pia sindano ya goserelini, inayodungwa kila mwezi ili kuzilaza ovari wakati wa tiba, ijapokuwa haifai kutegemewa peke yake.

Baada ya tiba, mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 2023, utafiti uitwao POSITIVE, uliowashirikisha wanawake zaidi ya 500 waliotibiwa saratani ya matiti inayochochewa na homoni, ulionyesha kwamba waliosimamisha dawa zao kwa muda usiozidi miaka miwili ili watafute mimba hawakurudiwa na ugonjwa kwa wingi kuliko wenzao, angalau katika miaka ya kwanza ya kufuatiliwa. Hilo, bila shaka, hufanywa kwa ushauri wa daktari, wala si kwa kuzitupa dawa kiholela.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo wagonjwa wake hungoja foleni ya miale haina nafasi ya kuzungumzia mayai. Hoja hiyo ina uzito. Kugandisha mayai ni ghali, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea, siku za kungoja hazipo. Lakini kuuliza hakugharimu hata senti moja. Daktari anyamazapo, huwa amekwisha kumwamulia mgonjwa. Mwenye uwezo hukosa nafasi aliyoweza kuilipia, na asiye nao hukosa hata fursa ya kujiandaa kwa yatakayomfika. Tukumbuke kwamba katika jamii zetu, ndoa ikikosa mtoto, mke ndiye anyoshewaye kidole. Aliyeponea saratani hurudi nyumbani akakuta hukumu nyingine ikimngoja.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chamhakikishia kila mtu haki ya afya, na chataja waziwazi afya ya uzazi. Hakisemi kwamba haki hiyo hukoma mtu apatwapo na saratani. Basi, kwanza, swali la uzazi liwekwe kwenye fomu ya kila mgonjwa aliye katika umri wa kuzaa, naye aulizwe kabla ya dawa ya kwanza. Pili, hospitali kuu za rufaa, kama vile Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret, ziwe na utaratibu wa kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu wa uzazi kwa siku chache, si miezi. Tatu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iuhesabu uhifadhi wa uzazi kuwa sehemu ya matibabu ya saratani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mayai yaliyokwisha kuangamizwa na dawa hayarudi, hata mwenyewe akipona na kulia vipi. Wakati wa kusema ni kabla ya sindano ya kwanza.