Shamba la Ukoo Liandikwe Jina la Nani?

Mama mmoja wa Dzaleka, ambaye huja hapa Nathenje kununua mahindi, aliniuliza sokoni swali ambalo sikupenda liishie pale. Aliwakuta wanawake wawili wakibishana na kaka yao juu ya shamba la marehemu mama yao, naye akashangaa. "Kwetu Kivu," alisema, "shamba hugombewa na baba na wanawe. Hapa baba yuko wapi?"

Baba yupo, ila ni mgeni. Kwa desturi ya Wachewa, aghalabu mwanamume akioa huhamia kijijini kwa mkewe, na shamba hutoka kwa mama likaenda kwa binti zake. Msemaji wa ukoo ni mjomba, mlezi wa dada zake na watoto wao. Yeye husema kwa niaba yao. Shamba si mali yake. Tofauti hiyo haikumsumbua mtu maadamu ardhi haikuandikwa popote.

Mwaka 1967 Bunge la Malawi lilipitisha sheria za kupima na kuandikisha ardhi ya kimila, na kuanzia 1968 mradi mkubwa wa Lilongwe, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza kupima mashamba. Ardhi iliandikwa kuwa ya familia, lakini karatasi ilitaka jina la mkuu wa familia, na mara nyingi jina hilo likawa la mjomba. Kisha mwaka 1975 Lilongwe ikawa makao makuu ya nchi. Mji ukapanuka, mashamba ya pembezoni yakageuka viwanja, na aliyekuwa msemaji tu akaanza kujiona mwenye mali. Nathenje iko kando ya barabara kuu iendayo Dedza. Wanunuzi hawana haja ya kutafuta njia.

Sheria ya Ardhi ya Kimila ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika 2018, inatoa hati ya miliki isiyo na kikomo cha muda, nayo hurithiwa. Mtu mmoja aweza kuiomba, na familia au kikundi vilevile. Maombi hupitia kamati ya ardhi chini ya mkuu wa vijiji, yenye wajumbe sita wa kuchaguliwa, na wanawake wasiopungua watatu. Wapo wanaodhani kina mama hao wamewekwa kujaza viti. Hao ndio wanaojua nani alilima wapi, na mpaka wa bibi ulipita mti gani! Asiyeridhika hupeleka shauri kwenye baraza la ardhi la chifu, kisha la wilaya.

Hati ya pamoja si jambo la ajabu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliamua kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa katika msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya na wapewe hati ya jumuiya nzima. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

Kwa hiyo, dada na shangazi wa Nathenje, kabla kidole hakijatiwa wino, mwombeni karani asome fomu kwa sauti, jina baada ya jina, mjomba akiwapo na binti zote wakiwapo. Palipoandikwa mtu mmoja ilhali shamba ni la wengi, semeni siku hiyohiyo.

Mama wa Dzaleka alinisikiliza hadi mwisho. Shamba lake lililobaki Kivu, alisema, halina hati yoyote. Analo jina la mto unaopakana nalo na majina ya majirani wanne. Nikampa kalamu, akayaandika nyuma ya stakabadhi ya mahindi, pamoja na mwaka alioondoka.