Afya ya Familia: Vidonge vya kunenepesha na tezi zinazolala

Mwezi huu tuongee juu ya vidonge ambavyo wengine wananunua dukani ili mashavu yajae: deksamethasoni na prednisoloni. Daktari akikuandikia, kwa mfano kwa pumu, ni dawa nzuri. Sasa hatari iko wapi?

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Inatuma homoni iitwayo ACTH, inapita kwa damu mpaka kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo. Hizo zikipata ujumbe zinatengeneza kotizoli, homoni inayolinda presha, sukari na nguvu za mwili, hasa tukiugua. Kotizoli ikitosha, pituitari inapunguza ujumbe.

Ni kama nyumbani. Mama akiona jerikani zimejaa, hamtumi mtoto kisimani. Jirani akileta maji kila siku kwa miezi, mtoto analala tu, na njia ya kisima inaota majani. Siku jirani akiacha ghafla, nyumba inakauka. Vidonge hivyo ndiyo jirani: vinafanya kazi ya kotizoli, pituitari inanyamaza, adrenali zinasinyaa. Ukiviacha mara moja baada ya wiki nyingi, adrenali haziamki siku hiyo. Pengine zinahitaji miezi. Mtu analegea, anatapika, presha inashuka, anazimia, hata anaweza kufa. Huku nyumbani wanasema ni malaria, au amerogwa!

Adrenali zinaweza kuharibika zenyewe pia. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa huo, na kifua kikuu ni sababu yake mojawapo. Hapo pituitari inazidi kutuma ACTH bila kujibiwa, na ufizi na mistari ya viganja vinakuwa vyeusi kuliko kawaida. Mgonjwa anakonda na kutamani chumvi.

Basi, kama unameza vidonge hivi, usiviache peke yako, wala usiendelee kimyakimya. Beba pakiti uende kituo cha afya hapa Rukoki au hospitali ya Bwera, useme ukweli wote. Watakupunguzia polepole, tezi zizoee. Na ukiugua au ukitaka kupasuliwa, mwambie muganga kwamba umewahi kuvimeza.

Mashavu ya chakula yanakawia, lakini ni yako. Tukutane mwezi ujao.